Mti wa Bidhaa na Swali la Umoja wa Kitu

Swali la nini kinachokifanya kitu chenye sehemu nyingi kiwe kitu kimoja badala ya rundo ni kongwe kuliko mashine yoyote iliyopo leo. Aristotle, katika kitabu cha saba cha kazi yake iitwayo Metafizikia, alilishika kwa mfano wa silabi: "ba" si herufi b na herufi a tu, kwa sababu silabi ikitenganishwa hutoweka ilhali herufi zake hubaki, na kwa hiyo ndani ya silabi mna jambo la ziada ambalo lenyewe haliwezi kuwa herufi nyingine, maana lingekuwa herufi pangehitajika tena kitu cha kuliunganisha na zile mbili, na kazi hiyo isingekuwa na mwisho. Mwanzoni mwa karne ya 20 Stanisław Leśniewski wa Poland aliyageuza maswali ya namna hii kuwa nadharia yenye kanuni zake, inayojulikana kama mereolojia, yaani elimu ya uhusiano wa sehemu na kitu kizima. Hata hivyo, wengi waliolijadili swali hili walikuwa na anasa moja: hawakulazimika kulijibu ili kazi iende. Anasa hiyo wasanifu wa mitambo hawana, kwa kuwa kompyuta haimwelewi mtu anayetaja sehemu bila kusema ni sehemu ya nini, ziko ngapi, zimekaa wapi na zimeshikwa na nini.

Usanifu kwa msaada wa kompyuta, kama unavyofanywa katika viwanda vya ndege, magari na mitambo ya umeme, hauhifadhi mashine kama picha moja kubwa. Kila kipande, iwe boliti, ekseli au kifuniko cha gia, huwa na faili lake lenye umbo lake, vipimo vyake na malighafi yake; vipande kadhaa huwekwa pamoja katika faili la aina nyingine liitwalo mkusanyiko, mikusanyiko midogo huingia ndani ya mikubwa, na mpangilio wote huonekana pembeni mwa skrini ukiwa mti uliopinduliwa, shina juu na majani chini, ambao hapa utaitwa mti wa bidhaa. Jambo linalowashangaza wanaoanza kazi hii ni kwamba faili la mkusanyiko, hata likiwa la injini nzima, kwa kawaida halina umbo lolote la kwake. Lina marejeo tu: hulitaja faili la kipande fulani, na kila linapolitaja huambatanisha jedwali dogo la namba 16, mistari minne kwa safu nne, linaloeleza kipande hicho kimekaa wapi na kimeelekea upande gani. Kutajwa kwa namna hiyo kunaweza kuitwa mtajo. Boliti yenye faili moja inaweza kuwa na mitajo 400 katika bawa moja la ndege, na msanifu akibadili urefu wake katika faili hilo, boliti zote 400 hurefuka kwa pamoja.

Wazo hili si la jana. Ivan Sutherland aliliweka katika Sketchpad, programu aliyoitungia tasnifu ya udaktari katika taasisi ya MIT nchini Marekani mwaka 1963, ambamo mchoro mmoja wa asili uliweza kurudiwa mara nyingi na marudio yake yote yakafuata kila badiliko la asili. Msomaji wa falsafa huona upesi hapo ile tofauti ambayo Charles Peirce aliipa majina mwaka 1906, tofauti ya aina, ambayo ni moja, na vielelezo vyake, ambavyo ni vingi. Lakini mti wa bidhaa hauishii kwenye viwili hivyo. Mtajo wa boliti ya tatu kutoka ukingo wa mbele wa bawa la kulia si aina, kwa kuwa aina ni moja na mitajo ni 400. Wala si boliti halisi ya chuma, kwa kuwa wakati huo huenda haijatengenezwa hata moja. Ni nafasi inayosubiri kujazwa, na nafasi hiyo ina utambulisho wake, majirani zake na mzigo itakaoubeba. Ndege ikishajengwa, boliti iliyokaa hapo inaweza kutolewa na kuwekwa nyingine mara kumi, na nafasi ikabaki ile ile. Falsafa iliyozoea kugawa vitu katika vya jumla na vya pekee haikuipa nafasi heshima inayostahili, na yaelekea wahandisi waliifikia bila kukusudia, kwa sababu bila hiyo hesabu za uzito, za bei na za nguvu hazikukaa sawa.

Baada ya kujua kipande kiko wapi, hubaki kujua kinashikwa na nini. Kipande kilichoachwa huru kina namna sita za kusogea, yaani mbele na nyuma, kushoto na kulia, juu na chini, pamoja na kuzunguka kwa kuufuata kila mmoja wa mihimili hiyo mitatu. Msanifu hukipunguzia uhuru huo kwa masharti: mhimili wa boliti upite katikati ya tundu, uso wa chini wa kichwa chake ulale juu ya sahani, meno ya gia hii yaende kwa uwiano fulani na ya ile. Boliti iliyowekewa masharti mawili ya kwanza hubakiwa na uhuru mmoja tu, wa kuzunguka pale pale ilipo. Sasa sharti lenyewe linakaa wapi? Halimo ndani ya boliti, kwa sababu boliti hiyo hiyo hutumika kwingine bila sharti hilo, na halimo ndani ya sahani kwa sababu kama hiyo. Programu nyingi hulihifadhi katika faili la mkusanyiko, juu ya vyote viwili.

Wanazuoni wa ilimu ya kalamu, yaani elimu ya Kiislamu inayozijadili itikadi kwa hoja za akili, walikutana na swali lenye sura hii zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Wengi wao walishikilia kwamba miili imeundwa kwa chembe zisizogawanyika, na kwamba hali kama rangi na mwendo ni sifa zinazokaa katika chembe hizo. Walipofika kwenye taalifu, yaani ile hali ya chembe kuungana, hoja iliwawia nzito, kwa kuwa haikuwa wazi muungano wa chembe mbili unakaa katika ipi kati yao. Abu Hashim al-Jubba'i, mwanachuoni wa madhehebu ya Mu'tazila aliyefariki mwaka 933, alikubali kwamba sifa moja ya taalifu hukaa katika chembe mbili kwa pamoja, jambo ambalo Waash'ari, wanazuoni wa madhehebu nyingine ya kalamu, walilikataa, wakiona ni muhali sifa moja kuwa na makao mawili. Programu ya usanifu, kwa namna yake, imeegemea upande wa Abu Hashim: kipande kimoja kati ya viwili kikifutwa, sharti lililokuwa baina yao hufutika nacho, au hubaki katika orodha likiwa na alama ya hitilafu, limekosa pa kushika. Si lazima kuamini chembe zisizogawanyika ili kuona kwamba Abu Hashim aliona sawasawa: muungano si mali ya mmoja wa wanaoungana.

Kama umoja wa mashine umo katika masharti, yafaa kuuliza mti wenyewe unawakilisha nini. Herbert Simon, katika makala yake maarufu ya mwaka 1962 kuhusu muundo wa mambo changamano, alitetea kwamba vitu vyenye sehemu nyingi, viwe vya maumbile au vya mikono ya watu, huelekea kupangika kwa ngazi, kwa sababu kilichojengwa kwa mafungu yanayoweza kusimama peke yake hakisambaratiki chote kazi inapokatizwa. Alitoa mfano wa mafundi wawili wa saa za vipande 1,000, mmoja akiunga kipande kwa kipande hadi mwisho na mwenzake akiunga mafungu ya vipande kumi kumi. Wa kwanza, kila akikatizwa, hupoteza kazi yote ya saa iliyo mkononi, na wa pili hupoteza fungu moja tu. Simon aliongeza kwamba mahusiano ya ndani ya fungu huwa na nguvu kuliko ya fungu na fungu. Hoja hiyo ina ukweli mwingi, kwani gia boksi kweli hutoka yote kwa pamoja na pampu ya maji ina mipaka inayoshikika. Ila haithibitishi kwamba kila mashine ina mti mmoja uliochorwa ndani yake tangu asili, na mazoea ya viwandani yanaonyesha kinyume.

Beringi ya kawaida inatosha kulionyesha hilo. Ina pete ya nje, pete ya ndani, gololi kadhaa na kizimba chembamba kinachozitenga gololi zisigusane. Mara nyingi ina pia sili mbili na grisi. Katika mti wa kiwanda cha magari, beringi hiyo ni jani: haina kilicho chini yake, ina namba moja, bei moja na muuzaji mmoja. Katika mti wa kiwanda kinachotengeneza beringi, kitu hicho hicho ni shina, na gololi ndizo majani. Chuma hakikubadilika kati ya kiwanda na kiwanda. Kilichobadilika ni nani anayewajibika gololi moja ikipasuka.

Hata ndani ya kampuni moja miti huwa zaidi ya mmoja. Mti wa wasanifu hufuata kazi, hivyo pampu ya mafuta huwekwa chini ya mfumo wa mafuta. Mti wa karakana hufuata mpangilio wa kuunga, hivyo pampu hiyo hiyo huonekana chini ya kituo ambacho mfanyakazi huifunga, pengine pamoja na kipande cha breki kisichohusiana nayo kwa lolote isipokuwa kwamba vyote hufungwa kabla mlango haujaziba njia. Na mti wa matengenezo hufuata kile ambacho fundi wa gereji anaweza kukifungua na kukibadilisha. Gundi, rangi na grisi mara nyingi hazina umbo katika mti wa kwanza, lakini katika wa pili huhesabiwa kwa kilo na lita. Upo msemo wa Plato kwamba mwenye kugawa mambo ayakate kwenye viungo vyake kama mchinjaji hodari, na mtu angeweza kudhani kwamba mmoja wa miti hii mitatu umekata kwenye viungo na mingine imevunja mifupa. Sivyo. Kila mmoja ni wa kweli kwa swali lake, na kinachopimwa si kama umekata pa asili bali kama umeweka wazi nani anadaiwa nini. Mti wa bidhaa, kwa kauli fupi, ni mgawanyo wa dhamana uliovikwa sura ya mgawanyo wa vitu. Hilo si kosa. Kosa ni kulisahau, kwa sababu mashine yenyewe haijui mipaka ya idara.

Mfano uliogharimu sana ni wa ndege ya Airbus A380. Ndege hiyo, iliyoruka mara ya kwanza tarehe 27 Aprili 2005, ilisanifiwa na kujengwa kwa mafungu katika nchi nne, Ufaransa, Ujerumani, Uingereza na Hispania, na mafungu hayo yalisafirishwa hadi Toulouse kuunganishwa. Kwa vitu vyenye umbo la kujitosheleza, kama mabawa na mkia, mgawanyo huo ulikwenda vizuri. Taabu ilikuja kwenye nyaya, ambazo kwa jumla zina urefu wa kilomita zipatazo 500 katika ndege moja. Waya hauna fungu. Unaanzia kwenye chumba cha rubani, unapita ndani ya sehemu moja ya kiwiliwili, unavuka hadi ya pili, unapinda kwenye mbavu za ndege na kuishia kwenye kiti cha abiria ambaye kampuni ya ndege imemchagulia skrini ya aina yake. Kwenye mti wa bidhaa hauna tawi linalouenea wote, hivyo hukatwa mahali ambapo mkataba umekatwa, si mahali ambapo umeme umeishia. Wasanifu wa Ujerumani na Hispania walikuwa wakitumia toleo la nne la programu ya CATIA, na wenzao wa Ufaransa na Uingereza toleo la tano, na taarifa za mipindo ya nyaya, ambazo baadhi zilikuwa za alumini isiyokubali kupindwa kama shaba, hazikuvuka salama kutoka toleo hadi toleo. Mafungu ya nyaya yaliyoandaliwa Hamburg yalipofika Toulouse hayakukaa mahali pake.

Juni 2006 kampuni mama ya Airbus ilitangaza ucheleweshaji, na hisa zake zikaanguka kwa asilimia 26 katika siku moja. Wakuu wa ngazi ya juu waliondoka, na ndege ya kwanza ilikabidhiwa kwa Singapore Airlines tarehe 15 Oktoba 2007, zaidi ya mwaka mmoja baada ya muda ulioahidiwa. Maelezo ya kawaida husema kwamba chanzo kilikuwa matoleo mawili ya programu yasiyopatana, na maelezo hayo ni ya kweli bila kuwa kamili. Matoleo yasiyopatana yangeleta hasara ndogo kama kilichokuwa kikivuka kati yake kingekuwa kipande chenye mwanzo na mwisho wake. Kilichovuka kilikuwa muungano wenyewe, ile taalifu ya wanazuoni, na muungano haukuwa na mwenyewe.

Inafaa kulinganisha na Boeing 777, iliyoruka mara ya kwanza Juni 1994 na ambayo huhesabiwa kuwa ndege ya kwanza ya abiria kusanifiwa yote kwa kompyuta, pia kwa CATIA. Vipande vyake, ribiti zikiwemo, hukadiriwa kuwa milioni tatu. Wasanifu wake walipangwa katika timu zaidi ya 200 ambazo ndani yake walikaa pamoja mchoraji, mtu wa karakana, mtu wa matengenezo na wakati mwingine mteja, na vipande viliunganishwa kwanza ndani ya kompyuta ili igundulike mapema bomba linapopenya mahali ambapo tayari pana waya. Tofauti ya kampuni hizi mbili haikuwa ya akili za wasanifu. Ilikuwa ya mahali pa kuweka mpaka: kwa Boeing miaka ile mpaka ulipita zaidi kati ya eneo na eneo la ndege, na waliolishika eneo walilishika pamoja na kila kilichopita humo.

Wasanifu wamebuni dawa ya kiasi kwa ugonjwa huu, nayo huitwa kiunzi: faili lisilo na kipande hata kimoja, lenye mistari, bapa na alama tu, ambamo huamuliwa mhimili utapita wapi, bawa litakutana na kiwiliwili katika sehemu gani na nafasi gani imetengwa kwa nyaya, kabla ya mtu yeyote kuchora chuma. Vipande vyote hukitazama kiunzi badala ya kutazamana, na kikisogezwa navyo husogea. Aristotle angekikubali upesi, kwa kuwa kwake umbo la kitu kizima hutangulia sehemu zake. Wenye karakana hawakiamini sana, na wana sababu, kwani kiunzi kilichoamuliwa mapema mno huwafunga watu kwenye makosa ya siku ya kwanza.

Linabaki suala la utambulisho, na hapa wahandisi wana kanuni ambayo wanafalsafa wangeweza kuiazima. Kila kipande kina namba, na kikibadilishwa lazima iamuliwe kama ni kipande kile kile katika toleo jipya au ni kipande kingine kinachostahili namba nyingine. Kipimo ni cha mambo matatu, umbo, mkao na kazi: kama kipya kinaweza kuwekwa popote palipo cha zamani, na cha zamani popote palipo kipya, bila mtu kulazimika kujua ni kipi, namba hubaki, kisipoweza, namba hubadilika. Leibniz alidai kwamba vitu viwili visivyotofautiana kwa sifa yoyote ni kitu kimoja. Kanuni ya karakana ni laini zaidi, kwa kuwa inaruhusu tofauti nyingi mradi nafasi isizihisi. Muuza spea wa Gerezani, Dar es Salaam, au wa Kirinyaga Road, Nairobi, huitumia kila siku mteja anapomletea namba ya spea isiyopatikana naye akajibu kwamba anayo nyingine inayoingiliana. Anachokisema ni kwamba aina ni mbili na nafasi ni moja, na mara nyingi yuko sahihi, ingawa mara nyingine umbo na mkao huingiliana na kazi haiingiliani, jambo ambalo gari hulijulisha baada ya kilomita chache.

Kwa ndege nzima kipimo hicho hakitoshi, kwa sababu ndege mbili za toleo moja huingiliana kwa kila hali na bado ni mbili. Plutarch aliandika juu ya merikebu ya Theseus iliyobadilishwa mbao moja moja, na Thomas Hobbes mwaka 1655 akalizidisha tatizo kwa kumfikiria mtu aliyeziokota mbao za zamani na kuunda kwazo merikebu ya pili, ili iulizwe ipi ndiyo ya Theseus. Katika usafiri wa anga merikebu zote mbili zipo kila wiki. Injini ya ndege ya abiria ina namba yake ya utambulisho, tofauti na ya kiwiliwili. Huteremshwa, hupelekwa kukarabatiwa, kisha hupandishwa kwenye ndege nyingine, na mara nyingi mwenye injini si mwenye ndege. Ndani ya injini hiyo zimo diski za tabo ambazo kila moja imewekewa idadi ya safari isiyoruhusiwa kuzidi, na safari hizo huhesabiwa kwa diski, popote ilipozifanyia, tangu ilipotoka kiwandani. Hobbes akiuliza ni ipi, jibu hutolewa na kumbukumbu zilizoandikwa. Ndiyo maana diski ambayo karatasi za historia yake zimepotea, hata kama vipimo vyote vinaonyesha kwamba chuma chake hakina ufa wala uchovu, hairudishwi kwenye injini: hakuna nafasi katika mti wowote inayoweza kuipokea, na huuzwa kwa kilo kama chuma chakavu.